Vitwitwi wa bwawa la milimani: mvua ikianza nibaki au nikimbie?

Kipima_Mvua

Wakuu, habari zenu. Mimi si mgeni kabisa kwenye mambo ya ndege, nina miaka mitatu na darubini shingoni, lakini hawa wa kwenye tope wananitoa jasho. Wengine mnawaita chamchanga, wengine vitwitwi. Majina ya Kiswahili yanatuchanganya, kwa hiyo nikifika kwenye aina nitatumia jina la kisayansi ili tusigombane bure.

Kuna bwawa la maji milimani ambalo nalipanda kila Jumamosi. Liko mita 2,000 na ushee. Upande mmoja ni ukuta wa mawe, upande wa pili kijito kinaingia na maji yanaishia taratibu kwenye nyasi. Hali ya hewa ya pale ni kigeugeu. Saa moja asubuhi jua, saa mbili ukungu umefunga hata ukuta huuoni, saa tatu mvua ya kuchapa, saa nne jua tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumamosi tatu mfululizo nimefika alfajiri, anga jeupe, nikaketi juu ya ukuta kwa sababu ndipo ninapoona maji yote. Naona bata. Naona mnandi mmoja anakausha mabawa. Namwona na yule kitwitwi anayetikisa makalio juu ya mawe, Actitis hypoleucos, huyo hakosi. Basi. Mvua ikianza nafunga vitu vyangu nashuka.

Jumamosi iliyopita nilishuka saa tatu na robo. Rafiki niliyekwenda naye akagoma, akajibanza chini ya paa la kibanda cha kupimia maji. Saa tano kasoro akanitumia picha niliyoambatisha hapa chini: ndege kama thelathini wamesimama kwenye ulimi wa tope pale kijito kinapoingia, wote wameelekea upande mmoja kama watu kwenye foleni. Mimi wakati huo niko ndani ya gari nakausha soksi. Nilipopanda tena saa saba, tope tupu. Nyayo tu. Nimewaza jambo hili wiki nzima hadi nyumbani wamenichoka.

Kwa hiyo swali: ilikuwa bahati yake, au mvua ina kazi yake?

Na lingine dogo. Nilipokuwa nashuka, kwenye mtaro wa pembeni aliruka ndege mmoja karibu na miguu yangu. Mgongo wa giza wenye vitone vidogo vyeupe, juu ya mkia peupe kabisa, akapiga kelele tatu kali akapaa moja kwa moja angani huku anayumba. Nimemwandika Tringa glareola. Nimekosea?

Koti_Moja

Swali la kwanza umejijibu mwenyewe mkuu. Uliondoka.

Topeni

Kipima, pole na soksi. Nimekaa kwenye mabwawa ya namna hiyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na kosa lako nimelifanya kwa miaka. Unakwenda kutafuta ndege saa ambayo wewe unajisikia vizuri. Kwa bata sawa. Kwa hawa, hapana.

Jiweke upande wao. Bwawa la milimani halina chakula kingi. Kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa wastani wa nyuzi sita na nusu hivi, maji ni baridi, chini mawe na udongo mgumu, na funza wa tope ni wachache mno ukilinganisha na tope la mlango wa mto baharini. Hakuna kitwitwi aliyetoka Siberia kwa nia ya kuja kwenye bwawa lako. Yeye anapita juu, mara nyingi usiku, na wewe umelala. Kinachomshusha ni wingu. Akikutana na mvua na upepo wa mbele pale kwenye vilima, haoni anakokwenda na nguvu zinamwisha. Bata akichoka atatua katikati ya maji alale akielea. Huyu hawezi. Anataka mahali pa kusimama, maji yasipite kifundo cha mguu.

Msidhani basi ni wanyonge. Mwaka 2022 kinda mmoja wa Limosa lapponica, kitwitwi mkubwa wa mdomo mrefu, mwenye miezi mitano tu, alifungwa kifaa cha kufuatilia safari akaruka kutoka Alaska mpaka Tasmania: kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kula wala kutua. Lakini ndege wa ukoo huohuo akibanwa na wingu zito juu ya mlima usioujua wewe wala yeye, atashuka kwenye tope lolote analoliona, hata kama ni kipande cha ukubwa wa uwanja wa mpira. Na mvua ikikatika hana sababu ya kubaki. Atajikung'uta, atadonoa kidogo, ataondoka. Ndiyo maana saa saba ulikuta nyayo.

Kwa hiyo saa yako ni ile mvua inapopungua ikawa rasharasha, mpaka wingu linapopasuka. Wakati mwingine ni dakika ishirini, wakati mwingine saa mbili. Anga likiwa jeupe tangu usiku, lala zako. Kama usiku kucha kulikuwa na nyota na upepo wa kuwasukuma mgongoni, wameshapita wote.

La pili ni maji yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Pale ukutani kuna kipimo, ule ubao wenye namba uliosimama majini. Kila ukifika, kabla hujatoa darubini, andika namba. Bwawa likijaa pomoni, ukingo unakuwa mawe na nyasi, hakuna pa kusimama isipokuwa yule mtikisa makalio wako ambaye mawe ndiyo nyumba yake. Bwawa likishuka, tope linatoka. Ila si tope lote ni meza. Lililoachwa na maji juzi na jana ndilo lenye uhai. Likikaa juani wiki mbili linakuwa gumu, wadudu wanazama chini, mdomo wa kitwitwi haupenyi. Tazama vizuri siku ukiwakuta: watakuwa kwenye ukanda mwembamba tu, pengine hatua tatu kwa upana, kati ya maji na pale tope linapobadilika rangi kutoka nyeusi kuwa kijivu. Nje ya hapo utaona wawili watatu wamepumzika kwa mguu mmoja, wala hawali.

Na mvua kubwa ikijaza bwawa ghafla, usikate tamaa. Maji yanapopanda kwenye nyasi kavu, nyungunyungu na mende wanafukuzwa mashimoni. Angalia pale maji yanapogusa nyasi. Siku hizo ndizo ninazompata Gallinago, yule mwenye mdomo mrefu ulionyooka na mistari ya majani makavu mgongoni, ambaye siku nyingine unamkanyaga ndipo umwone.

Halafu ondoka juu ya ukuta! Pale kichwa chako kinasimama angani peke yake, kila ndege anakuona kabla hujamwona. Nenda upande wa kijito, keti chini, mgongo kwenye kichaka au kwenye jiwe. Sasa, ile foleni ya kwenye picha. Wote wameukabili upepo, kwa sababu upepo ukiwapiga kwa nyuma unafumua manyoya na mvua inaingia hadi ngozini. Ukiketi upande upepo unakotoka utaona vifua thelathini. Ukiketi kinyume chake, mikia thelathini. Ukae upepo ukipita kati yako na wao kutoka kushoto kwenda kulia, au kulia kwenda kushoto, hapo utawaona ubavuni: mdomo, shingo, bawa, mguu, vyote. Mimi kitu hiki kilinichukua miaka kukigundua, na hakuna aliyeniambia.

Kuhusu ndege wa mtaroni namwachia Mama Darubini, najua atakuja.

Mama Darubini

Nimekuja.

Kipima mwanangu, umeeleza mgongo na mkia. Chini ya bawa je? Aliporuka kutoka miguuni pako lazima aliinua bawa. Jaribu kukumbuka kabla sijasema chochote, maana nikikuambia utakumbuka ninachotaka mimi.

Wakati unafikiri, picha ya rafiki yako. Nimeikuza. Umeona wengine ni wakubwa na wengine wadogo, na shaka yangu ni kwamba mmeshaanza kuhesabu aina mbili. Ni aina moja hiyo, Calidris pugnax. Kichwa kidogo, shingo ndefu kidogo, tumbo kubwa, mdomo mfupi ulioinama kwa mbali, na manyoya ya mgongoni kama magamba. Dume ni mkubwa kuliko jike kiasi cha kukufanya uone ndege wawili tofauti. Ila yule wa pembeni kushoto, mwembamba, miguu mirefu mpaka anaonekana kama amepanda vijiti, mdomo kama sindano: huyo si wao. Namwita Tringa stagnatilis mpaka mtu aniletee picha bora.

Na vyombo vyenu. Naona watu wanapanda na darubini imekaa kwenye gari lenye joto, wanaifungua kwenye baridi, picha inatetemeka; na pumzi yao ikiziba kioo kwa mvuke, wanaanza kufuta na shati. Shati lina mchanga! Iache darubini ndani ya mfuko wake nje ya gari dakika kumi kabla hujaanza kutazama. Usiifiche ndani ya koti karibu na mwili, kifua chako ni jiko. Matone yakikaa kwenye kioo, yapulize au kung'uta, mengine acha. Kama una ile ndefu ya kuweka kwenye miguu mitatu, shusha miguu uiweke chini kabisa, ukae nayo kitako, upepo usiitingishe. Na jua likitoka baada ya mvua, tope linaanza kutoa mvuke, picha inachemka kama sufuria. Hapo watu hukuza mpaka mara 60 wakidhani wataona zaidi. Punguza. Mara 20 au 25 inatosha. Wingu jepesi ndilo nuru bora kuliko zote kwa ndege hawa, rangi za miguu zinaonekana kama zilivyo.

Kipima_Mvua

Mama shikamoo. Nimekaa nikafumba macho. Jeusi. Chini ya bawa lilikuwa jeusi, au niseme la moshi wa giza, na tumbo jeupe sana. Nilimfananisha na mbayuwayu mkubwa.

Mama Darubini

Marahaba. Basi futa. Ni Tringa ochropus. Glareola chini ya bawa ni kijivu hafifu, ana nyusi nyeupe ndefu inayopita nyuma ya jicho, mgongo wake una madoa makubwa zaidi na miguu ina umanjano. Huyu wako ni mweusi na mweupe, hana nyusi nyuma ya jicho, na hapendi uwazi. Mtaro, kijito chembamba, shimo la maji nyuma ya ukuta, huko ndiko kwake, tena peke yake. Umeandika alipaa moja kwa moja huku akiyumba. Ningekuwa na alama ningekupa kwa sentensi hiyo, ndiyo tabia yake hasa.

Topeni

Naongeza kitu kidogo hapo kwa sababu kinanifurahisha kila mara. Ochropus huzaa juu ya miti. Kitwitwi mzima, wa tope na maji, anatafuta kiota cha zamani cha ndege mwingine mtini, anataga humo, na vifaranga wanajirusha chini wenyewe. Ukimwona mtaroni hutadhani.

Zamu_ya_Usiku

Sina utaalamu wa ndege, ila nimesoma kipimo cha maji bwawani kwa miaka kadhaa, na mnaongea habari za tope na mvua kama vile haviui.

Radi kwanza. Ukingo wa bwawa ni uwazi mtupu, na wewe umeketi pembeni ya chuma cha miguu mitatu. Ukiona mmweko, hesabu. Sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza kuhesabu 30, acha kila kitu, shuka kwenye gari. Msikae kwenye kile kibanda kilicho wazi, paa lile linazuia mvua tu. Na usirudi kwa sababu jua limetoka, subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Tope sasa. Lile lililopasuka juu kama vigae linadanganya kuliko yote. Mimi niliingia nikifuata mti wa kipimo uliokuwa umeanguka, hatua nne vizuri, ya tano nikazama hadi paja. Nilivuta mguu, kiatu kikabaki, na mguu wa pili nao ukazama zaidi. Kilichoniokoa ni kuacha kushindana. Nikajilaza chali polepole, nikatandaza mikono, nikaanza kuutikisa mguu mmoja kidogokidogo mpaka maji yakaingia pembeni yake, ukatoka. Kisha wa pili. Kisha nikajiburuta kwa mgongo kama samaki mpaka kwenye nyasi. Ilichukua muda mrefu kuliko kuvuka bwawa lote kwa mtumbwi. Sasa nikiona mtu anataka kusogea "hatua mbili tu apate picha" napandwa na hasira.

Na maji. Mvua ikinyesha juu ya mlima wewe ukiwa umeketi kwenye jua, kijito kitakuja kabla ya wingu. Kikibadilika rangi kuwa kahawia na kuanza kuleta majani na vijiti, hama pale mara moja. Tena pita kwa mlinzi umwambie upo na unakaa wapi. Haichukui dakika.

Koti_Moja

Zamu umenitisha mpaka nimefikiria kuhamia ndege wa bustanini.

Kwa Kipima, kuhusu nguo: tatizo lako si mvua, ni soksi. Beba jozi ya pili ndani ya mfuko wa plastiki na kitu cha kukalia kisichopitisha maji. Makalio yakiwa makavu mtu anakaa saa tatu. Yakilowa, dakika kumi.

Topeni

Zamu asante, hayo ndiyo niliyopaswa kuanza nayo. Na kusogea hakuna faida hata kwa picha. Hao wameshuka wamechoka, kila ukiwarusha unawamalizia mafuta waliyobakiza. Ukikaa kimya watakuja wenyewe. Wanafuata ukingo wa maji wakila, na ukingo unapita mbele yako.

Kipima_Mvua

Wakuu, narudi na taarifa.

Jana nilifika saa kumi na mbili na nusu. Kipimo kilikuwa kimeshuka kwa sentimita 22 tangu Jumamosi ile, na ulimi wa tope umeongezeka karibu mara mbili. Nilimwambia mlinzi, akacheka, akasema kaa nyuma ya lile jiwe jeupe, upepo wa asubuhi unatoka bondeni. Sikuwa nimemuuliza. Inaonekana huwaona kila siku na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mpaka saa mbili na nusu sikuwa na kitu. Ukungu ukaja, kisha mvua, ya kawaida, bila ngurumo. Niliikaza mikono nisifunge mkoba. Saa tatu na dakika kumi nikasikia kabla ya kuona: sauti nyembambanyembamba juu ya kichwa ndani ya wingu, kama mtu anasugua vioo viwili. Zikazunguka mara mbili, zikapotea, zikarudi chini zaidi. Halafu wakatoka kwenye ukungu kwa pamoja, wakageuka wote kwa mara moja, weupe, weusi, weupe, wakatua.

Nilihesabu 19. Wengi walikuwa Calidris minuta, wadogo hata jani linawazidi. Mmoja alikuja akifuata ukingo kama Topeni alivyosema, akafika hatua tano kutoka kwenye kiatu changu. Nilimwona tone la maji limekaa mgongoni, halijalowesha kitu, limekaa tu kama shanga juu ya manyoya yenye kingo za rangi ya kutu. Alidonoa mara tatu nne kwa kasi ambayo sikuweza kuhesabu, akasimama, akajikung'uta kuanzia kichwani, tone likaondoka, akaendelea. Miguu myeusi. Niliiangalia makusudi kwa ajili ya Mama.

Sikupiga picha nzuri hata moja. Mikono ilikuwa inatetemeka, na baridi si sababu pekee.

Jua lilitoka saa nne kasoro dakika tano. Saa nne na dakika kumi na mbili mmoja aliita, wote wakaacha kula, wakapaa. Sikuona aliyewatisha.

Mama Darubini, kulikuwa na mmoja mkubwa kidogo kuliko hao wengine, mdomo mrefu umepinda chini taratibu mpaka ncha, na alipopaa juu ya mkia palikuwa peupe bila mstari katikati. Nimemwandika Calidris ferruginea, kwa penseli. Ukiwa na pingamizi nieleze nifute kabla sijapitisha wino.